Tupeane uzoefu: neno lisilo na mpaka lilipokuponza, au lilipokuokoa

Mleta mada
Habari zenu wakuu. Mwaka juzi mama alilazwa. Siku ya tatu daktari akatoka, akatuambia, "Ana nafuu kidogo." Tulikuwa watatu pale. Dada akaanza kumshukuru Mungu. Mimi nikatulia tu. Mdogo wetu akaenda pembeni kulia, maana yeye alilishika "kidogo" akaiacha "nafuu". Nikamfuata daktari nikamuuliza: kuliko lini? Akanijibu bila kinyongo, "Kuliko jana usiku. Homa imeshuka, ila bado hawezi kukaa mwenyewe." Habari yenyewe ilikuwepo muda wote, imekosa wa kuiuliza.

Tangu hapo nayafuatilia maneno ya namna hii: kidogo, karibu, baadaye, kiasi, wengi. Sizungumzii neno lenye maana mbili. Ukisema "kaa" nitakuuliza ni la moto au wa baharini, ukinijibu yamekwisha. "Kidogo" hata ukilieleza, mpaka wake huuoni. Wala sitaki yafutwe, bila hayo hatuwezi kuongea dakika tano. Naamini ubaya unaanza pale asiyeweza kuuliza anapoachiwa kazi ya kukisia. Leteni ya kwenu, matamu na machungu.

Mfamasia wa Zamu
Langu ni chungu. Mama mmoja alinirudishia dawa ya presha hajameza hata kidonge kimoja. Alisomewa kwamba kizunguzungu ni athari "ya kawaida", akaelewa kitampata kila anayemeza. Ukweli ni kwamba kwenye karatasi za dawa zinazofuata utaratibu wa Ulaya, maneno hayo yamepewa vipimo. "Ya kawaida" ni kuanzia mtu 1 katika 100 hadi 1 katika 10. "Nadra" ni kati ya 1 katika 10,000 na 1 katika 1,000. Waandishi wanavijua vipimo, na mara nyingi vimeandikwa humo humo, lakini mgonjwa anabaki na neno alilolishika. Siku hizi namwambia mtu: wakimeza watu mia, wasiozidi kumi ndio watakaosikia kizunguzungu, na tisini au zaidi hawatakisikia. Nimeona nyuso zikibadilika kwa sentensi hiyo moja.

Tafsiri Usiku
Mimi nitautetea ukungu wa maneno, maana niliwahi kuuharibu. Nikiwa mwanafunzi wa ukalimani tulipewa tutafsiri Azimio 242 la Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, la tarehe 22 Novemba 1967. Kiingereza kinataka majeshi ya Israel yaondoke kwenye maeneo yaliyokaliwa katika vita vya mwaka ule, bila kile kineno "the" cha kuonyesha kuwa ni yale maeneo yanayojulikana. Matini ya Kifaransa ina kineno cha namna hiyo. Watu wamebishana tangu hapo: yote, au baadhi? Mimi nikaandika "maeneo yote", nikajiona nimesaidia. Mwalimu akalifuta "yote" kwa kalamu nyekundu akasema, "Hilo halikupigiwa kura." Azimio lilipita kwa kura zote 15, na kama neno hilo lingekuwemo sidhani lingepita hivyo. Kiswahili hakina kineno kile, kwa hiyo "maeneo yaliyokaliwa" inabeba pande zote mbili bila jasho. Kazi yangu ilikuwa kuuvusha ukungu mzima mzima, si kuupuliza.

Na lugha yetu imetupa nyenzo za kutosha. Yupo ni wa mahali mahususi, yuko ni wa huko kusikobainishwa. Anayekujibu "yuko huko" mara nyingi amekwisha kukwambia usimfuate.

Subira
"Tutakupigia." Miezi mitatu nililala na simu chini ya mto. "Hapana" ningeipokea siku ile ile.

Mwandika Programu
Niliagizwa niweke punguzo kwa "wateja wa muda mrefu". Kompyuta haielewi muda mrefu, nikaandika siku 730. Wiki ya kwanza tu akaja mteja wa siku 729. Nilimjibu nini? Kwamba jana alikuwa mgeni na kesho atakuwa mwenyeji? Ni lile fumbo la mwanafalsafa Eubulides wa Mileto, karne ya 4 kabla ya Kristo: toa punje moja kwenye lundo, bado ni lundo, endelea kutoa, ni punje ipi iliyolivunja? Mwaka 1965 mwanahisabati Lotfi Zadeh alipendekeza hesabu ambamo kitu kinaweza kuwa ndani ya kundi kwa kiwango chochote kati ya 0 na 1. Nikaifuata njia hiyo, punguzo likawa linapanda polepole kadiri siku zinavyoongezeka. Malalamiko yakaisha. Kwa hiyo mfamasia, mimi na wewe tumepita njia tofauti. Namba yako iliponya, yangu iliumiza.

Kitindamimba
Kaka alinipigia usiku: "Njoo nyumbani, hali ya baba si nzuri." Niliendesha gari kwa muda wa saa tano, peke yangu, njia nzima nikipanga nitakavyomwambia baba kuhusu kazi mpya. Nilipofika nikakuta viti vimepangwa nje. Baba alikuwa amefariki kabla ya simu ile.

Mleta mada
Pole sana. Ulimuuliza kaka kwa nini hakusema wazi?

Kitindamimba
Nilimuuliza baada ya maziko. Akasema, "Ulikuwa na usukani mkononi." Nilikasirika mwaka mzima, kwa sababu nilikuwa nimemwamini. Lakini mwezi uliopita shangazi yetu alifariki, na mimi ndiye niliyepewa simu nimpigie binti yake, naye alikuwa njiani. Nikasema, "Hali ya mama si nzuri." Akanyamaza kidogo, kisha akaniuliza, "Si nzuri kiasi gani?" Nikamwambia asimamishe gari kwanza.