Theluji imetufungia ndani wiki ya pili: naombeni kazi za mikono za kufanya na watoto

MamaWawili

Wakuu, habari zenu. Mwenzenu nimefungiwa ndani na theluji, nina watoto wawili, mmoja miaka 5, mwingine 9. Saa kumi alasiri giza limeshaingia. Wakitoka nje, dakika ishirini tu wanarudi vidole vimekufa ganzi, halafu ugomvi wa televisheni unaanza upya.

Nimejaribu mambo mawili, yote yamenigomea. Kwanza nyota za theluji za karatasi. Zetu zinatoka na ncha nne au nane badala ya sita, na mkubwa anasema hivyo ni vitambaa vya meza. Pili, nyota za unga na chumvi: zimeingia kwenye oveni bapa, zikatoka zimevimba kama mito.

Vile vifaa vya boksi sivitaki tena, tulinunua kimoja kikaisha robo saa. Ndani nina karatasi, uzi wa sufu, unga, chumvi, ndoo, na soksi kibao zilizopoteza wenzake. Nipeni kazi inayokula muda. Nawasilisha.

Mkasi Butu

Karatasi yenu haina kosa, kosa liko kwenye mkunjo. Mnakunja nusu kwa nusu, na nusu ya nusu haiwezi kuzaa sita.

Chukua karatasi ya mraba, kunja kona kwa kona upate pembetatu. Weka kidole katikati ya upande mrefu. Kutoka hapo, leta bawa la kulia juu, kisha la kushoto lilale juu yake, yaani umegawa mara tatu zilizo sawa. Hapo ndipo pagumu, jaribu kwanza bila kukandamiza mkunjo, ukiona zimelingana ndipo ukandamize. Kisha kunja nusu mara moja. Sasa una matabaka 12. Kata masikio yaliyozidi juu, halafu mkate mnavyopenda pembeni, ila mbakize sehemu ya mkunjo, la sivyo itafumuka vipande vipande. Tumieni karatasi nyepesi, nzito inashinda mkasi wa mtoto.

Kioo cha Dirisha

Naongezea hapo kwa Mkasi Butu. Mwambie mkubwa kwa nini ni sita: maji yakiganda, molekuli zake hujipanga kwa pembe sita, na fuwele ya theluji hukua ikifuata mpango huo. Kisha mpe kazi ya kuhakikisha mwenyewe. Weka kitambaa cheusi nje kipoe kabisa (kikiwa na joto la ndani, theluji inayeyuka kabla hujaiona), kitandaze theluji inapoanguka, aangalie kwa kioo cha kukuzia huku akizuia pumzi. Anachokiona akichore, akirudi ndani akikate.

Yuko mkulima mmoja wa Vermont, Marekani, Wilson Bentley, aliyefunga kamera kwenye hadubini na mwaka 1885 akapiga picha ya fuwele moja ya theluji. Aliendelea hivyo hivyo majira baada ya majira, hadi anafariki mwaka 1931 alikuwa na picha zaidi ya 5,000. Huyo baridi haikumfungia ndani.

Fundi Unga

Bibie, umetumia unga uliochanganywa hamira ya unga, sivyo? Ndio huo unaovimba. Chukua unga wa ngano mtupu vikombe 2, chumvi kikombe 1, maji kama kikombe 1 lakini uyatie kidogo kidogo. Kanda mpaka uache kunata. Sukuma unene wa nusu sentimita, toboa tundu la uzi kabla ya kukausha, oveni iwe nyuzi 100 tu, saa mbili au tatu, ugeuze katikati. Unaukausha, huuoki. Rangi baadaye.

Kama mna mbwa, viwekwe mbali naye. Chumvi nyingi namna hiyo ni sumu kwake.

Ndoo Kubwa

Jamani mbona wote mko ndani? Baridi yenyewe ndiyo fundi. Tengenezeni kandili ya barafu.

Ndoo ya plastiki, jaza maji ubakize vidole vinne juu, weka nje juu ya theluji usiku. Maji huganda kuanzia juu na pembeni, huku katikati na chini yakibaki maji, kwa sababu theluji chini ya ndoo inazuia baridi. Ukuta ukifika sentimita tatu au nne, ileteni ndani, mwagieni ndoo maji ya uvuguvugu kwa nje (ya moto yatapasua barafu), igeuzeni. Chini palipobaki laini patobolewe, maji yamwagwe, mnabaki na chungu cha kioo. Taa ndogo ya betri ndani, mshumaa ukiwapo mtu mzima.

Muda hutegemea baridi. Kwa nyuzi 10 chini ya sifuri, anza kuchungulia asubuhi. Mkisahau, mtapata gogo la barafu.

Soksi Moja

Mimi nazungumzia soksi tu. Jazeni soksi ndefu matambara mpaka igome, shoneni mdomo, muweke vifungo viwili vya macho. Ni nyoka wa kuziba upenyo chini ya mlango. Mdogo atampa jina, na ubaridi wa miguuni unapungua kweli.

Kioo cha Dirisha

Na sufu: kata pete mbili za kadibodi, zungushia uzi mpaka tundu lizibe, kata ukingoni, funga katikati kwa nguvu, toa kadibodi. Kimpira cha manyoya. Wa miaka 5 anaweza kuzungusha peke yake, na hiyo ndiyo inayokula muda.

MamaWawili

Wakuu, mrejesho. Ncha sita zimepatikana kwenye karatasi ya nne. Dirisha zima sasa halioni nje. Fundi Unga, uliona mbali, pakiti imeandikwa kabisa kwamba hamira imo. Nyoka wa mlango ameshonwa, anaitwa Bwana Upepo.

Kandili ya kwanza imesimama mlangoni na taa yake, mkubwa ametoka kuitazama mara saba bila kulalamikia vidole. Ya pili mdogo aliitaka ya kwake, akachukua mtungi wa kioo kimyakimya na kuujaza pomoni. Asubuhi nimeukuta vipande. Ndoo Kubwa, hilo la kubakiza nafasi nimelielewa sasa. Leo usiku anajaribu na kopo la plastiki.