Mrejesho: doa kwenye picha ya setilaiti, mtama wa Kongwa

Wakuu, niliuliza kama NDVI (kipimo cha ukijani wa mimea kutoka setilaiti) ikishuka ghafla kwenye mtama ni ugonjwa au ukame. NDVI peke yake haitofautishi. Kwanza nimeondoa vivuli vya mawingu kwa safu ya SCL (ramani inayokuja na picha, inayotaja kila pikseli, yaani kila kimraba cha picha, ni kitu gani; namba 3 ni kivuli cha wingu). Januari hivyo ndivyo vinavyodanganya zaidi. Kisha nimekata mita 10 kila upande, maana pikseli za pembeni za setilaiti ya Sentinel-2 humeza njia na majani ya jirani. Bendi ya 5 (ya wekundu wa ukingoni, inayosaidia kuona hali ya klorofili) ina pikseli ya mita 20, kwa hiyo ekari moja iliyokatwa hivyo inabaki na pikseli nzima nne, tena kwa bahati.

Doa lililobaki likakaguliwa kwa miguu: majani hayakujikunja kama ya ukame, yana mabaka yenye vidoadoa vyeusi katikati. Ni chule, ugonjwa wa kuvu, si ukame.