Shepa ya kujitengenezea, mpigo wa mm 150: gia ya kuendeshea, mawimbi kwenye uso na kisu kuzama

MekaKihonda

Wakuu, habari za kazi. Ninaunda shepa (mashine ya kuchonga chuma kwa kisu kinachokwenda mbele na kurudi) ya mpigo wa mm 150. Kazi yake kubwa itakuwa kukata kiwei (mfereji wa kii) kwenye puli za mashine za kusaga, kusawazisha nyuso za vipande vya kusubu na kuchonga doveteli (mfereji wa mkia wa njiwa). Karakana ina kerezo, drili ya kusimama na mashine ya kuchomelea. Milingi haipo, umeme ni wa fezi moja.

Mwili ni sanduku la bamba la mm 12. Ramu, yaani sehemu inayobeba kisu mbele na nyuma, ni bomba la mraba 75 x 75 lenye unene wa mm 6, limefungwa bolti kwenye flati ya 100 x 12 inayoteleza chini ya flati mbili za pembeni, na upande mmoja kuna ukanda wa brasi wa kubana. Kwa majaribio ramu inavutwa kwa wenzo wa mkono. Kasti inakatika vizuri kiasi, ila kwenye maildi stili uso unatoka na mawimbi na kisu kinazama ghafla.

Naomba mawazo kwa mambo mawili: niiendesheje kwa mota ya nusu hospawa ya mizunguko 1400, na nianzie wapi kutafuta chanzo cha mawimbi?

GiaNaPuli

Kwa gia kubwa usihangaike kuchonga meno. Tafuta flaiwili ya gari dogo pamoja na pinioni ya stata inayolingana nayo. Flaiwili nyingi zina meno 100 hadi 130, pinioni 9 hadi 11, kwa hiyo hesabu meno kabla ya kununua puli. Ukipata 120 kwa 10 una upungufu wa mara 12. Weka puli ya mm 60 kwenye mota na ya mm 120 kwenye shafti ya pinioni: 1400 inakuwa 700, kisha ramu inapiga mara 58 kwa dakika. Acha nafasi ya kuweka puli ya mm 180, ushuke hadi 39 kwa chuma kigumu.

Pinioni ya stata ina klachi ya upande mmoja. Itoe, au uifunge kabisa kwa kuichomelea, la sivyo flaiwili itakuwa inaitangulia mota. Tundu lake ni gumu, kisu cha HSS (chuma cha kasi) hakiliwezi. Tumia ncha ya kabaidi. Shafti ya flaiwili iwe mm 30 kwenye beringi mbili za UCP206, ya pinioni mm 20 kwenye UCP204. Meno yale yalitengenezwa kusukuma injini nzima, kwa hiyo mzigo wa shepa hii si kitu kwake. Kelele itakuwepo, grisi nzito na pleyi ndogo kati ya meno vinaipunguza.

Pini ya krenki usiifunge moja kwa moja kwenye flaiwili. Funga bamba la mm 20 kwenye matundu ya bolti za kifuniko cha klachi, uliwekee mfereji wa umbo la T ili pini isogee kutoka mm 15 hadi 50 toka katikati. Hapo ndipo unaporekebisha urefu wa mpigo.

Vipimo vya mkono wenye mfereji, ambamo pini ya krenki inateleza na kuuyumbisha ili usukume ramu: egemeo la chini liwe mm 150 chini ya kitovu cha flaiwili, na urefu wa mkono kutoka egemeo hadi pini ya juu uwe mm 225. Pini ikiwa mm 50 unapata mpigo wa mm 150 kamili. Ramu inakata ndani ya nyuzi 219 za mzunguko na kurudi ndani ya 141, na mwendo wa juu kabisa wa kisu ni kama mita 20 kwa dakika, unaofaa HSS kwenye maildi stili. Kata lazima iangukie pini inapopita juu. Mota ikizunguka kinyume utapata kata ya haraka na kurudi polepole. Ikiwa hivyo, badilishana nyaya mbili za koili ya kuanzishia ya mota.

Ncha ya juu ya mkono inachora tao, inapanda na kushuka karibu mm 13, wakati ramu inakwenda moja kwa moja. Unganisha kwa kiungo kifupi cha mm 80 hivi chenye bushi pande zote mbili. Ukiifunga moja kwa moja itainua ramu au itakata pini.

TupaLaini

Mota iache kwanza. Mawimbi na kuzama ni dalili za ulegevu, na nguvu ya mota itazidisha tu.

Funga geji ya saa kwenye mwili, ncha yake iguse sehemu ya mbele ya ramu ikiwa imetolewa yote. Inua ramu kwa nondo. Ikisogea zaidi ya mm 0.05, tatizo liko kwenye njia zake. Flati za kuvutwa baridi zinaonekana zimenyooka lakini zinapinda ukishazitoboa na kuzibana juu ya mwili uliochomelewa. Zipake wino wa bluu wa kupimia, telezesha, kisha kwangua panapogusa hadi madoa yaenee urefu wote. Kioo cha mm 10 kilicholala sawasawa kinatosha kama uso wa kupimia. Ukanda wa brasi uwe na skrubu tano zenye nati za kufunga, si mbili: skrubu mbili zinaupinda katikati.

Pili, slaidi ya wima, ile inayoshusha kisu. Kisu kinavutwa chini na chuma chenyewe, kwa hiyo pleyi yoyote ya skrubu yake inageuka kuwa kina cha ghafla. Weka bolti ya kuifunga slaidi, uikaze kabla ya kila kata ya mlalo.

Tatu, klapa, yaani kishikio cha kisu kinachojiinua ramu inaporudi. Ianguke kwa uzito wake yenyewe, lakini ukiishika kwa vidole isicheze kushoto wala kulia hata kidogo. Pini ya mteremko iliyopitishwa rima ndiyo inayodumu. Bolti ya kawaida inalegea haraka. Kisu kitokeze kidogo iwezekanavyo, na kwa maildi stili tumia kisu cha shingo ya bata, chenye ncha iliyorudi nyuma hadi usawa wa mgongo wa mpini. Kikipinda kinajiondoa kwenye chuma badala ya kuingia. Pembe ya nafasi ya mbele nyuzi 4 zinatosha, kwa sababu kwenye shepa meza haisogei wakati wa kukata. Wengi wanasaga 10 kama kisu cha kerezo, na ncha inakuwa nyembamba yenye njaa.

Anza na kina cha mm 0.5 na msogeo wa mm 0.2 kwa kila mpigo.

KazaNati

Naongezea meza. Ikishikiliwa na njia zake za nyuma tu, mbele inalala chini ya kisu na kazi inatoka nene upande mmoja. Weka mguu wa mbele wenye skrubu ya kurekebisha, ukae juu ya flati iliyonyooka ili meza iteleze.

Kwa kiwei cha ndani funga klapa isifunguke kabisa, la sivyo kisu kitajikunja ndani ya tundu. Shafti ya mm 38 inataka kii ya 10 x 8, na kina kwenye puli ni mm 3.3. Shuka mm 0.05 kwa mpigo.

MekaKihonda

Asanteni sana, wakuu. Msogeo wa meza wa kujiendesha nauchukua wapi, na unatakiwa utokee wakati gani?

GiaNaPuli

Chukua kwenye ncha ya nyuma ya shafti ya flaiwili: kisahani chenye pini inayosogezwa, fimbo, kisha ulimi na racheti kwenye skrubu ya meza. Skrubu ya milimita 2 na racheti ya meno 20 inakupa mm 0.1 kwa jino.

Ulimi usukume racheti wakati ramu inarudi tu, kisu kikiwa kimetoka kabisa kwenye kazi. Ukisukuma wakati wa kata, skrubu inalazimishwa chini ya mzigo na meno ya racheti yanaliwa. Legeza kisahani, zungusha flaiwili kwa mkono hadi ramu ianze kurudi, kikaze hapo. Weka mpigo uwe mrefu kuliko kazi kwa mm 20: 15 nyuma ili klapa iwahi kuanguka, 5 mbele.

Na nyuma ya mashine weka kizuizi cha bamba, kwa sababu ramu inatokeza huko kila inaporudi.