Matone ya steroidi hayajasaidia nyuma ya jicho, nianze vidonge?

retina_kijana: Wakuu, nina mgonjwa wa miaka 27. Jicho moja lina ukungu na vidoa vinavyoelea, wiki ya 3 sasa, bila wekundu wala maumivu. Kwenye retina (utando wa nyuma ya jicho unaopokea mwanga) kuna doa jeupe lenye kingo zisizo wazi, limepakana na kovu jeusi la zamani. IgG (kingamwili ya maambukizi ya zamani) ya kimelea cha toksoplasma chanya, VVU hasi. Matone ya prednisoloni, ile steroidi, hayajabadilisha kitu. Nianze vidonge vyake?

Mzee wa Lenzi: Usivianze peke yake. Matone hayafiki kule nyuma kwa kiasi cha kutibu, kwa hiyo kushindwa kwake hakukuambii lolote. IgG chanya nayo watu wazima wengi wanayo. Kinachokuonyesha ni toksoplasma ni hilo doa jipya kando ya kovu. Anza kotrimoksazoli (antibiotiki yenye salfa) 960 mg mara 2 kwa siku, wiki 6 hivi. Baada ya siku 2 au 3 ongeza prednisoloni 0.5 mg kwa kilo, ipunguze polepole, iishe kabla ya kotrimoksazoli. Ukiitanguliza, kinga inalala huku vimelea vikitafuna retina. Doa dogo la pembezoni kwa mwenye kinga nzuri wengine huliacha lipone lenyewe, ila likiwa karibu na makula (kitovu cha kuona cha retina) au neva ya jicho, hakuna kusubiri.

kaswende_kwanza: Mkuu, kaswende umepima? Huiga karibu kila ugonjwa wa nyuma ya jicho. Ikipatikana, inatibiwa kama ya ubongo: benzilipenisilini ya mshipa, uniti milioni 18 hadi 24 kwa siku, siku 10 hadi 14. Ile sindano moja ya makalioni haitoshi. Na eksirei ya kifua, kwa ajili ya TB.

retina_kijana: Bado, sampuli inakwenda leo. Akiwa na mzio wa salfa je? Na triamsinoloni, steroidi ya kuchoma ndani ya jicho?

Mzee wa Lenzi: Mzio: azithromisini 500 mg kwa siku, au klindamisini 300 mg mara 4, akianza kuharisha sana, isimamishe. Triamsinoloni hapana kabisa. Inakaa jichoni miezi, na maambukizi yakichachamaa huna namna ya kuirudisha. Halafu panua mboni vizuri utazame pembezoni kabisa. Ukikuta mabaka meupe yanayoungana kuzunguka retina, na ateri zimeziba, fikiria virusi vya hepesi au tetekuwanga: valasiklovia 2 g mara 3 kwa siku (pima figo), na bingwa wa retina amwone siku hiyo hiyo.