Laptopu imekataa Windows 11, nipige Linux au nifanyeje?

Mleta mada:
Wakuu habari zenu. Nina laptopu mbili, moja iko nyumbani watoto wanasomea, nyingine ndo ya biashara natunzia hesabu na kutolea risiti. Zote Core i5 kizazi cha 6, ramu GB 4, Windows 10. Sasa toka Microsoft waache kuitolea apdeti Windows 10 ile tarehe 14 Oktoba 2025 roho haijatulia, nikajaribu kupanda 11 ikaniletea maandishi kwamba mashine haijatimiza vigezo. Fundi mmoja anasema piga Linux (mfumo wa bure unaokaa badala ya Windows) zote mbili kazi iishe, mwingine anasema ataniingizia 11 kwa njia ya panya. Ile ya biashara ikilala hata siku moja nimekwisha, mnanishaurije?

Kipanga77:
Njia ya panya achana nayo mkuu. Windows 11 inataka TPM 2.0 (kijisehemu cha usalama ndani ya mashine) na prosesa za Intel kuanzia kizazi cha 8, ukiilazimisha inaweza kukubali leo ila Microsoft wenyewe wanasema mashine ya hivyo haina uhakika wa kupata apdeti, na apdeti ndo kitu ulichokuwa unakifuata. Afu hiyo programu ya hesabu ni ipi, Excel au?

Mleta mada:
Hapana, ni ya kuingiza kwenye mashine, inakubali Windows tu. Na kuna kiprinta cha risiti.

Kipanga77:
Basi hiyo ya biashara usiiguse na Linux. Najua kuna Wine ya kuendeshea programu za Windows humo ndani, ila kwa hesabu zinazokulisha usibahatishe. Biashara zinaruhusiwa kulipia apdeti za ziada za usalama, hadi miaka 3 toka ile Oktoba, kwa iyo lipia huku unajichanga taratibu ununue mashine ya kizazi cha 8 kwenda juu.

bintifundi:
Ya watoto weka Linux Mint (aina mojawapo ya Linux) bila wasiwasi, ila ijaribu kwanza. Choma Mint kwenye flashi ya GB 8, washa laptopu huku unagonga F12 (zingine ni F9 au Esc), chagua flashi, itafunguka yenyewe bila kugusa diski. Itakuwa nzito kidogo kwa sababu inasoma kwenye flashi, usikate tamaa. Hapo jaribu waifai, sauti, kamera, afu ifunike dakika kadhaa uifunue uone kama inaamka, watu wengi hiyo hawaijaribu kabisa. LibreOffice (programu za kuandikia na hesabu kama Word na Excel) inakuja nayo, mafaili ya Word (docx) inafungua ila majedwali yanaweza kuhama, kazi za shule watume kwa PDF. Na kama bado ina diski ya kuzunguka weka SSD (diski isiyozunguka, ina kasi zaidi), utaona tofauti kubwa kuliko hata ya kubadili mfumo.

mzee_wa_bakapu:
Nakusihi ndugu yangu, kabla ya yote hamisha mafaili kwenye diski ya nje, afu uyafungue kwenye mashine nyingine uhakikishe yapo. Mimi nilichagua kufuta diski nzima nikijua inaondoka Windows peke yake, zikaenda picha za mwanangu toka anazaliwa. Inaniuma mpaka leo.

Mleta mada:
Pole sana mzee. Jana usiku nimehamisha kila kitu, nikawasha Mint kwa flashi, waifai imeshika, sauti ipo, kufunika na kufunua imeamka vizuri. Kamera tu ndo haionekani.

bintifundi:
Angalia pembeni ya lenzi, laptopu zingine zina kifuniko kidogo cha kusogeza.

Mleta mada:
Kweli kilikuwa kimefungwa! Kesho naanza na SSD.