Injini inachemsha baada ya kubadilisha thamostati nyumbani

Mkazi wa Uyole
Wakuu, habari za jioni. Nina Toyota yenye injini ya 1NZ ya lita 1.5. Mpira wa juu wa rejeta ulipasuka, nikaubadilisha mwenyewe nyumbani, na kwa kuwa maji yalikuwa yameshamwagika nikaona niweke na thamostati mpya (vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta hadi injini ipate moto). Tangu hapo, gari likipanda Mlima Nyoka hapa Mbeya, mshale wa joto husogea hadi karibu na alama nyekundu, kisha hushuka ghafla bila mimi kufanya lolote. Hita, ambayo kwa baridi hii ya Juni haiachiki, inapuliza hewa baridi, na nyuma ya dashibodi nasikia maji yakibubujika. Fundi mmoja anasema gasketi ya silinda hedi, ile inayozuia maji na oili visichanganyike, imeungua na injini ifunguliwe. Je, kuna la kuangalia kabla sijaingia gharama hiyo?

Fundi, Mafinga
Kamwene, mkuu. Usifungue injini kwanza. Dalili zako tatu zinaelekea kwenye hewa iliyonaswa ndani ya njia za maji: hita haipati maji ya moto, na thamostati, ikizungukwa na hewa badala ya maji, huchelewa kufunguka, ndiyo maana mshale unapanda halafu unaanguka. Asubuhi, injini ikiwa ya baridi kabisa, egesha gari pua ikitazama juu ya mteremko, fungua mfuniko wa rejeta, jaza maji, weka hita kwenye joto la mwisho, kisha washa na uiache kwenye silensa, yaani ingurume bila kukanyaga mafuta, ukiongeza maji kila yanaposhuka, hadi mipira yote miwili ya rejeta iwe ya moto na mapovu yakome. Yasipokoma hata kidogo, au ukikuta oili imekuwa kama chai ya maziwa kwa kuingiliwa na maji, hapo maneno ya fundi wako yana uzito.

Angalia pia thamostati yenyewe. Ukingoni ina kipini kidogo kinachochezacheza, ambacho kazi yake ni kupitisha hewa. Kinatakiwa kukaa juu.

Dereva, Mwanjelwa
Mbona mnajisumbua? Toeni thamostati, gari halitachemsha tena. Mimi ndivyo ninavyotembea.

Fundi, Mafinga
Ushauri huo una wafuasi wengi, lakini huku kwetu kwenye baridi ni mbaya kuliko kwingine. Thamostati ya injini hiyo hufunguka kwenye nyuzijoto 82 hivi. Ukiitoa, injini huchelewa kupata moto, inakula mafuta zaidi, na hita ndiyo unaiaga kabisa. Wenye kushuku kitu kingine washuku mfuniko wa rejeta. Mbeya mjini, kwenye kimo cha mita 1,700 hivi, maji yasiyo na mgandamizo huchemka kwenye nyuzijoto 94 tu, kwa hiyo mfuniko usioshika mgandamizo hapa huleta matatizo mapema kuliko Dar es Salaam.

Mkazi wa Uyole
Ahsanteni. Kipini kilikuwa juu. Nimetoa hewa kama nilivyoelekezwa. Mapovu yalitoka kwa muda mrefu kisha yakakoma, na hita sasa inatoa joto. Oili ni safi. Mfuniko, hata hivyo, mpira wake wa chini una ufa, kwa hiyo nitanunua mwingine wenye namba ileile kabla ya kulirudisha gari Mlima Nyoka.