Naomba ushauri: samaki aina ya trauti wa mto Wandle

Wakuu, heshima zenu. Naishi Carshalton, kusini mwa London, hatua chache toka mto Wandle. Maji yake hutoka kwenye mwamba wa chaki, baridi na maangavu. Miaka ya 1960 mto huu ulihesabiwa mfereji wa majitaka tu, trauti walishatoweka kitambo. Sasa wamerudi, juzi nimemwona mmoja mwenye madoa mekundu chini ya daraja!

Shida ni tope. Limefunika changarawe wanamotagia wakati wa baridi, ukikanyaga linatimka wingu jeusi. Jirani anataka tununue vifaranga wa trauti wa kufugwa tuwamwage mtoni (bila kibali ni kosa, nimemwambia). Mimi nasema tusafishe changarawe kwanza. Mliowahi kufanya hivi, tuanzie wapi, na mwezi gani tusije kukanyaga mayai?